"Waitress", "chairlady", "stewardess": dada wa Mwanza aandike nini kwenye CV ya Kiingereza?

#1 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Wakuu na dada zangu wa jukwaa hili, salaam.

Nina stesheneri maeneo ya Igoma. Natoa kopi, naprinti, nalamineti, na zaidi ya yote naandikia watu CV na barua za maombi ya kazi. Wateja wangu wengi ni mabinti waliomaliza form four au chuo cha hoteli, wanatafuta kazi hapa mjini au wanataka kujaribu Arusha, Zanzibar na Uarabuni. Jambo linalonikera ni moja. Binti anaieleza kazi yake kwa Kiswahili vizuri kabisa: "mimi ni mhudumu", "mimi ni mwenyekiti wa kikundi", "nilikuwa meneja wa duka". Tukifika kwenye Kiingereza anataka nimwandikie "waitress", "chairlady", "manageress". Kwa Kiswahili alikuwa mfanyakazi. Kwa Kiingereza amegeuka mwanamke kwanza, mfanyakazi baadaye.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili asiyeukubali ajue anapinga nini: kwenye CV andika jina la kazi, usiandike jinsia ya anayeifanya. Andika "waiter" au "server". Andika "chairperson". Andika "manager". Kuna watakaosema hii ni fasheni ya Wazungu. Mimi nasema ukiijua historia ya viishio hivi vya kike vya Kiingereza, utaona vimemtendea mwanamke nini.

Tuanze na -ess. Kiishio hiki kiliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Wafaransa walikipata kwenye Kilatini, na Kilatini kwenye Kigiriki. Kabla ya hapo Kiingereza cha kale kilikuwa na kiishio chake cha kike, ambacho leo kimebaki kama -ster. Mwanamke mfuma nguo aliitwa "webster", mpika pombe "brewster", mwoka mikate "baxter", msokota nyuzi "spinster". Kazi hizo zilikuwa mikononi mwa wanawake, kama pombe za kienyeji zilivyo huku kwetu. Wanaume nao wakaingia, maneno yakawa ya wote, na mengine leo yamebaki kuwa majina ya ukoo. Noah Webster, mwanaume aliyetoa kamusi maarufu ya Marekani mwaka 1828, alibeba jina lililokuwa la mwanamke mfuma nguo.

"Spinster" ndilo lililobaki kwa wanawake peke yao, na mnaona lilipoishia. Kutoka kwa msokota nyuzi, mtu mwenye kazi na kipato chake, likawa neno la kisheria la mwanamke asiyeolewa, kisha likawa neno la kumcheka aliyechelewa kuolewa. Uingereza waliendelea kuliandika kwenye daftari za ndoa hadi mwaka 2005, ndipo likafutwa pamoja na "bachelor", wote wakaandikwa "single".

Sasa angalieni jozi hizi. "Governor" anatawala jimbo. "Governess" alikuwa mwalimu wa kuajiriwa, anafundisha watoto wa tajiri nyumbani kwao. "Master" ni bwana, ni bingwa, ni mwenye shahada ya pili. "Mistress" leo ukimtamkia mtu, anasikia hawara. "Mayor" ni meya; "mayoress" huko Uingereza mara nyingi ni mke wa meya. Mwanaume akiitwa "wizard" wa hesabu amesifiwa. Mwanamke akiitwa "witch" ametukanwa. Mwaka 1975 msomi wa lugha Muriel Schulz aliandika juu ya mwenendo huu, akaonyesha kwamba neno la kike la Kiingereza huanza likiwa sawa na la kiume, kisha linateremka hadhi hatua kwa hatua, mara nyingi hadi kwenye mambo ya ngono, wakati la kiume limekaa palepale.

Kiishio cha -ette nacho kina lake: ni cha udogo. "Kitchenette" ni kijiko, yaani jiko dogo la pembeni. Kwa hiyo "usherette", dada aliyeonyesha watu viti kwenye sinema, alipewa kazi na udogo kwa pamoja. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail la London liliwabandika wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura jina la "suffragette" kwa kuwadhihaki. Wenyewe walilichukua wakalivaa, hadi gazeti lao wakaliita hivyo. Nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini kumbukeni walipewa kama tusi.

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia, na kifungu chake cha 38 kiligusa matangazo ya kazi moja kwa moja. Kilisema tangazo likitumia jina la kazi lenye jinsia, kikataja kwa mfano "waiter", "salesgirl", "postman" na "stewardess", litahesabiwa kuwa lina nia ya kubagua, isipokuwa lieleze vinginevyo. Miaka hiyohiyo ya sabini serikali ya Marekani ilipitia orodha yake ya kazi: "fireman" akawa "firefighter", "mailman" akawa "mail carrier". Kwa hiyo binti wa leo anayeniomba nimwandikie "stewardess", yaani mhudumu wa kike wa ndegeni, anajivika neno ambalo wenye lugha walishaliweka kando zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Na kama mnataka mfano wa nyumbani, huyu hapa. Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Vyeo vyake kwa Kiingereza vilikuwa "Secretary-General" na "President", havikubandikwa kitu. Sisi kwa mapenzi tukamwita Mama Beijing, na hilo halikupunguza cheo hata nukta.

Karibuni. Leteni kazi zenu tuzipitie moja moja.

#2 BintiNyakato

Dada, uzi huu ni wangu kabisa. Nimefanya kazi hoteli moja hapa mjini, na barua waliyoniachia imeandikwa "waitress". Nikiandika "waiter" kwenye CV si wataona nimedanganya? Halafu matangazo mengine yenyewe yanasema wanatafuta "waitresses", awe mrembo, umri usizidi miaka kadhaa. Hapo unafanyaje na kodi ya chumba inasubiri?

#3 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Mdogo wangu, barua iache kama ilivyo. Hiyo ni ya mwajiri. CV ni yako. Kazi ni ileile na anayesoma anajua. Kweli sheria ile ya 1975 ililihesabu "waiter" kuwa neno la kiume, ila tangu hapo matumizi yamehama na siku hizi wengi wanalitumia kwa wote. Ukitaka lisilo na ubishi kabisa, andika "server" au "food and beverage attendant".

Ila jina la kazi ni mstari mmoja tu, na chini yake ndiko mtu anakosomwa. Nimeona mabinti wakishaandika "waitress" wanadhani wamemaliza. Wanaongeza kwamba ni wachangamfu na wasafi, basi. Ungekuwa hapa dukani ningekuuliza hivi: ulikuwa unashika meza ngapi kwa zamu? Risiti za EFD ulikuwa unatoa mwenyewe? Nani alikuwa anafunga hesabu za kaunta usiku, anahesabu kreti za soda na bia zilizobaki na kuandika upungufu kwenye daftari? Mgeni akiuliza sato na sangara wana tofauti gani, nani alikuwa anamweleza? Yale yote uliyokuwa unayafanya bila kuyahesabu kuwa kazi, yaandike. Kuna binti niliyemwandikia hivyo mstari kwa mstari, tulipofika mwisho akaniuliza kama huyo anayesomeka pale ni yeye. Ni yeye. Alikuwa amefichwa na neno moja.

Kuhusu tangazo la mrembo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi na jinsia, na humo humo inamhesabu mwombaji kazi na inagusa mpaka matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Najua kodi haingoji kesi. Omba hiyo kazi. Lakini usijieleze kwa lugha ya tangazo lao. Wakikuita, uwe umeingia na kazi unayoijua.

#4 MtuWaMkuyuni

Nimeweka kambi hapa. Dada, na baamedi je? Mbona sijawahi kusikia neno la mwanaume anayefanya kazi hiyohiyo?

#5 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Mkuu umegusa penyewe. Baamedi ni "barmaid" ya Kiingereza, na "maid" ni msichana, na pia ni mtumishi wa nyumbani. Mwanaume akisimama kaunta anaitwa mtu wa kaunta, au keshia, au meneja. Mwanamke akisimama palepale anaitwa baamedi, na mteja anaona amepewa ruhusa ya kumshika mkono. Andika "bartender" au "bar attendant".

Hausigeli na hausiboi ni ndugu wa neno hilo. Mtu mzima mwenye watoto wake anaitwa "girl". Enzi za mkoloni mpishi mwenye mvi kichwani aliitwa "boi", na wazee wetu hawakuisahau dharau hiyo. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 189 mwaka 2011 liliwaita "domestic workers", wafanyakazi wa nyumbani. Hilo ndilo la kuandika.

#6 MzeeWaNansio

Hamjambo wanangu. Mimi ni mstaafu, nipo kisiwani Ukerewe, mjukuu wangu ndiye ananichapia. Nimefurahi kuona Mama Mongella anatajwa. Ila nina mawili ya kumwambia binti huyu wa Igoma.

La kwanza, Kiswahili hakina mikono misafi kiasi hicho. Mimi niliajiriwa kilimo nikaitwa bwana shamba. Walipokuja wenzetu wanawake, waliosoma chuo kilekile na kupewa cheti kilekile, wakaitwa bibi shamba. Upande wa afya hali kadhalika, bwana afya na bibi afya. Mkulima alimpokea bibi shamba vizuri, akamkaribisha kiti, akamuuliza mambo ya bustani ya mboga na lishe ya watoto. Ya pamba, dawa na mbegu, anasema tutamngoja bwana shamba. Mwenzangu mmoja alikuwa anajua wadudu wa pamba kunishinda mimi mara mbili, na alikuwa anarudi ofisini na daftari tupu. Siku hizi wote ni maafisa ugani, na naona mabinti wanasikilizwa zaidi. Siwezi kusema ni kwa sababu ya jina peke yake.

La pili ni zito. Umesema neno la Kiingereza la mchawi wa kike ni tusi. Neno letu "mchawi" halina jinsia kabisa. Linamfaa mwanaume, linamfaa mwanamke. Lakini huku Kanda ya Ziwa waliokatwa mapanga walikuwa akina nani? Vikongwe wanawake, wenye macho mekundu ya moshi wa kuni na wa samadi. Neno halikuwa na kiishio cha kike na bado liliwaangukia wanawake. Lifikirie hilo mwanangu kabla hujamaliza maneno yote kwenye viishio.

#7 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimeusomea wateja waliokuwa wanasubiri kopi, duka likanyamaza.

Hilo la pili silipingi. Neno lisilo na jinsia halimlindi mtu ambaye jamii imeshaamua kumwona hivyo. Wale bibi zetu waliuawa na imani, na mali pia, maana tunajua kesi nyingi zilikuwa na shamba au ng'ombe nyuma yake. Hakuna kamusi ingewaokoa. Ninachokipigania mimi ni kidogo kuliko hicho, lakini kipo mkononi mwangu: nikiwa na kibodi mbele yangu na binti pembeni, mimi ndiye ninayechagua neno litakalomtangulia mezani kwa mwajiri. Daftari tupu la yule bibi shamba ndilo ninalolizungumzia. Alijua wadudu wa pamba, na jina la kazi lilishamwambia mkulima asimuulize.

Mzee, umenipa mfano bora kuliko wangu wote. Wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma.

#8 NesiWaZamu

Mimi ni muuguzi mwanaume. Wodini wagonjwa wananiita daktari. Daktari ninayefanya naye kazi ni mwanamke, na wagonjwa walewale wanamwita sista. Anapita raundi na stetoskopu shingoni, mimi nimebeba trei ya dawa nyuma yake, na mgonjwa anamwambia, "Sista, nipishe kidogo nimweleze daktari." Anamaanisha mimi. Tumeshazoea kuwasahihisha kwa upole, kila asubuhi.

Swali langu: kwa Kiingereza mwanaume anayesimamia wodi anaandikwaje? Na matroni je?

#9 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Kaka, kwenye mfumo wa Uingereza tuliourithi, mwanamke anayeongoza wodi ni "sister" na mwanaume aliye kwenye nafasi hiyohiyo ni "charge nurse". "Sister" ni urithi wa watawa waliokuwa wakiuguza wagonjwa. "Nurse" lenyewe limetokana na neno la kunyonyesha, lakini leo ni la wote, kwa hiyo huna haja ya kuandika "male nurse". Andika "registered nurse" kama una leseni, au "nurse in charge" kama ndiyo nafasi yako.

Matroni ana safari ya ajabu. Uingereza walikiondoa cheo cha "matron" hospitalini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakakirudisha mwaka 2001, na safari hii mwanaume naye anakishika akiitwa vilevile "matron". Sisi tulifanya letu: tuliwapanga matroni na patroni kama pacha, mabweni ya wasichana matroni, ya wavulana patroni, hata kwenye harusi. Kwa Kiingereza chenyewe si pacha. "Patron" ni mfadhili, mtu mkubwa anayetoa pesa au jina lake, na "matron" ni mlezi. Moja linatokana na baba na lingine na mama, na tayari unaona nani kapewa pesa na nani kapewa watoto. Ukiomba kazi ya bweni nje ya nchi, andika "boarding supervisor" au "houseparent", kwa sababu ukiandika "patron" mwajiri atakuelewa vibaya.

#10 DagaaMwaloni

Dada habari. Mimi nipo Mwaloni, Kirumba. Kuna fomu ya mradi ya Kiingereza tumeletewa kwenye kikundi, pa kujaza kazi yako wameandika "fisherman". Wanawake tupo wengi. Mimi nina mitumbwi miwili na injini, vijana wanaingia ziwani na taa usiku, asubuhi nawapokea, dagaa wanaanikwa, nakausha, nafunga magunia, nauza hadi nje ya nchi. Vijana wananiita tajiri. Nijaze nini? Kijana wa mradi kaniambia niandike "fisherman's wife". Mume wangu ni dereva wa daladala!

#11 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Dada yangu, usikubali hiyo. Kwa Kiswahili swali hili halikuwepo: mvuvi ni mvuvi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye mwongozo wake wa uvuvi mdogo wa mwaka 2014, linatumia "fishers" na "fish workers". "Fishers" ni wanaovua, "fish workers" ni wanaochakata, kukausha na kuuza. Mwongozo huo unasisitiza wazi usawa wa jinsia, kwa sababu ukihesabu wanaoshika nyavu peke yao, wanawake wote wa mwaloni wanapotea kwenye hesabu, na mkopo, mafunzo na mashine za kukaushia vinafuata hesabu.

Wewe jaza "fishing boat owner, dagaa processor and trader". Yote matatu. Kama nafasi kwenye fomu ni ndogo, andika kwa herufi ndogo, lakini "boat owner" itangulie. Na mwambieni huyo kijana kwa heshima kwamba kikundi kinaomba fomu ibadilishwe iwe "fisher". Mkiongea kikundi kizima atasikia.

#12 MwalimuPasiansi

Mimi nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Dada, unachosema nakielewa, lakini darasani kuna mada ya "masculine" na "feminine": "actor, actress", "host, hostess", "poet, poetess", "headmaster, headmistress". Mtoto akiulizwa kike cha "actor" akajibu "actor", anakosa. Wewe unamfundisha asiandike, mimi nampa alama akiandika. Tumwambie nini?

#13 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Mwalimu, heshima yako. Mtoto ajibu mtihani kama mtihani unavyotaka. Orodha ile ni sarufi halali, na atakutana na maneno hayo kwenye vitabu vya zamani. Ninachoomba ni sentensi moja ya nyongeza ubaoni: yapi yanaishi na yapi yamekufa. "Poetess" na "authoress" yamekufa. Mshairi mwanamke ukimwita hivyo leo ataona umemshusha. "Headmistress" linazimika, shule nyingi ni "head teacher" au "head of school", kama sisi tulivyo na mkuu wa shule. "Heroine", "princess" na "queen" yapo hai.

"Actress" ndilo lenye mgogoro. Wanawake walianza kupanda majukwaa ya London mwaka 1660. Kabla ya hapo wavulana ndio walivaa magauni na kuigiza nafasi za kike. Leo tuzo za Oscar bado zina kipengele cha "Actress". Tamasha la filamu la Berlin lilifuta vipengele vya kike na kiume mwaka 2021, likabaki na tuzo ya uigizaji bora kwa yeyote. Gazeti la The Guardian linaelekeza waandishi wake watumie "actor" kwa wote, isipokuwa wakitaja jina rasmi la tuzo. Na wapo waigizaji wanawake wanaolitaka "actress", wanahofia vipengele vikiunganishwa tuzo zitaenda kwa wanaume. Hofu hiyo ina msingi na siwezi kuibeza.

#14 MpitaNjia_Bujumbura

Nimefika Mwanza kibiashara, nimeuona uzi huu. Sisi tuliosoma Kifaransa mambo ni kinyume kabisa. Wanawake wa Ufaransa walipigana miaka na miaka *wapewe* kiishio cha kike. Académie française, chombo cha kusimamia lugha ya Kifaransa, ilikataa muda mrefu, ikakubali mwaka 2019. Mkurugenzi mwanamke ni "directrice" na anajivunia. Sasa nani yuko sahihi?

#15 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Karibu sana Mwanza, mgeni wetu. Wote wako sahihi ndani ya lugha zao. Kwa Kifaransa kila jina lina jinsia, hata meza na kiti; huwezi kutaja kazi bila kuchagua, na usipomchagulia mwanamke neno lake, umemfunika chini ya la mwanaume. Kutokuwa na neno ndiko kulikuwa kunamfuta. Kiingereza hakilazimishi. Kinaweza kusema "director" kikanyamaza, kwa hiyo ukiongeza -ess umeongeza jambo ambalo hukuulizwa.

Na hata Marekani kulikuwa na wakati wanawake walivitaka viishio hivyo. Sarah Josepha Hale, mhariri maarufu wa jarida la wanawake katika karne ya 19, alivitetea kwa nguvu. Aliona "doctress" ni heshima, ni ushahidi kwamba mwanamke yupo kwenye taaluma. Nia yake ilikuwa njema. Ila jamii ilipokea neno ikaliweka daraja la pili, kama ilivyofanya kwa "governess".

Swali la kujiuliza ni lugha yako inakulazimisha nini. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitulazimishi.

#16 WakiliMdogo

Niongeze la mahakamani kwa kifupi. Kwenye kesi za mirathi zinazoandikwa kwa Kiingereza hapa Tanzania bado utakuta "administratrix" na "executrix" kwa wanawake. Hicho ni kiishio cha Kilatini, na mawakili wengi wanakipenda kwa mazoea. Mama akipewa barua ya usimamizi yenye neno hilo asishtuke, mamlaka yake ni yaleyale ya "administrator". Kwa Kiswahili ni msimamizi wa mirathi, mwanamke au mwanaume, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokipa Kiswahili nafasi ya kuwa lugha ya sheria na mahakama, naona neno hilo litazidi kutumika.

#17 BintiNyakato

Dada nimebadilisha CV, nimekutumia inbox uipitie. Rafiki yangu anauliza: yeye anataka kazi za ndegeni, anaandika "air hostess" au nini?

#18 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Nimeiona, nitaipitia usiku huu. Mwambie rafiki yako aandike "cabin crew" au "flight attendant", na asome kidogo historia ya kazi anayoiomba, itamsaidia kwenye usaili. Mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo alikuwa Ellen Church, Mmarekani. Tarehe 15 Mei 1930 alipanda ndege ya Boeing Air Transport kutoka Oakland kwenda Chicago. Alikuwa nesi mwenye sifa kamili, na alikuwa amejifunza kurusha ndege, ila kampuni hazikuwa zinaajiri marubani wanawake. Kundi lake la kwanza wote walikuwa manesi. Baadaye taaluma ile ikasahauliwa, kazi ikafanywa ya urembo. Mashirika ya Marekani yakawa yanawaachisha kazi wakiolewa au wakifika miaka ya thelathini na kitu.

Mwanaume mmoja, Celio Diaz, aliomba kazi hiyo Pan American akakataliwa kwa kuwa walitaka wanawake tu. Akaenda mahakamani, na mwaka 1971 mahakama ya rufaa ikampa haki: kazi ya msingi ya shirika ni kusafirisha abiria salama, na kupendeza kwa mhudumu si sababu ya kumfungia mwanaume nje. Baada ya hapo "stewardess" lisingeweza kudumu tena, maana wenye kazi walikuwa wa jinsia zote.

Kwa hiyo kwenye CV yake aanze na huduma ya kwanza, kuogelea kama anajua, lugha anazozungumza na jinsi anavyotuliza watu kwenye dharura. Urefu aandike kwa sentimita wakiuliza. Picha akiambiwa atume, atume ya pasipoti.

#19 FundiMakoroboi

Dada, mimi ni fundi cherehani mwanamke, nataka kibao cha Kiingereza kwa ajili ya wageni. Mchoraji kaniandikia "Seamstress". Ni sawa?

#20 KaratasiNaWino (mleta uzi)

Neno hilo lina viishio viwili vya kike, dada. Zamani "seamster" peke yake lilikuwa la mwanamke mshonaji. Watu waliposahau maana ya -ster wakabandika -ess juu yake. Na masikioni mwa mgeni mara nyingi linamaanisha mtu wa kushona mapindo na kutia viraka kwa ujira mdogo. Mwanaume anayekata suti anaitwa "tailor", na bei yake ni nyingine.

Wewe unakata, unapima, unashona suti na sare za shule? Andika "TAILOR". Chini yake weka "dresses, suits, school uniforms, alterations", halafu namba ya simu. Kama rangi haijakauka, mrudie mchoraji leo hii kabla hajakudai pesa ya kibao cha pili.